Amitriptilini, fluoksetini au sertralini: kila dawa inapiga hodi mlango gani?

Mama mmoja wa Tukuyu alifika dirishani kwetu hapa Mbeya asubuhi ya baridi ya Julai, amejifunika kitenge juu ya sweta, mkononi ana vyeti viwili. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, mama," salamu ambayo kwa asili yake humuuliza mtu kama amelala. Akaichukua kama swali.

"Sijalala, mwanangu. Wiki ya tatu hii."

Cheti cha kwanza kilikuwa na amitriptilini. Aliandikiwa alipokwenda kulalamikia miguu inayowaka moto usiku, maana ana kisukari cha siku nyingi. Cha pili kilikuwa na fluoksetini, aliandikiwa wiki 2 baadaye na daktari mwingine aliyemkuta analia bila sababu anayoweza kuitaja.

"Hizi zote si dawa za sonona?"

"Zote, mama."

"Basi nimeze ipi? Au nizimeze pamoja nipone haraka?"

Nashukuru aliuliza kabla ya kumeza. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja amitriptilini, kwa hiyo zikikutana bila daktari kupanga, amitriptilini hujaa damuni kuliko ilivyokusudiwa, na moyo ndio unaolipa. Nimekaa famasi huku Nyanda za Juu Kusini miaka 11, na swali la mama huyu nalisikia kutoka kwa walimu, madereva wa malori, wachuma chai na wanafunzi wa vyuo. Watu huambiwa "hii ni ya sonona" na maelezo yanaishia hapo. Kumbe dawa mbili zinaweza kuwa na kazi moja kwenye cheti, halafu zikaingia mwilini kwa milango tofauti kabisa. Ukiijua milango hiyo, unajua cha kumwambia daktari wako. Nasema daktari wako kwa sababu dawa hizi zote ni za cheti, na andiko hili ni la kukusaidia kuzungumza naye.

Vigezo nitakavyotumia

Nazilinganisha dawa tatu: amitriptilini, fluoksetini na sertralini. Nazipima kwa mambo yaleyale: milango inayogusa, usingizi na kazi ya mtu, tumbo pamoja na uzito na tendo la ndoa, moyo na hatari ya kuzidisha, inavyopatana na dawa nyingine na pombe, kisha mimba, kunyonyesha na dozi inapokatika.

Nguvu ya kutibu sikuiweka kuwa kigezo kikuu, na nina sababu. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Andrea Cipriani wa Oxford, uliokusanya majaribio 522 yenye watu 116,477. Dawa zote 21 zilizochambuliwa zilishinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Amitriptilini ilikuwa kwenye kundi lililotibu vizuri zaidi, fluoksetini na sertralini zikawa kwenye kundi ambalo watu walilivumilia zaidi. Kwangu mimi tofauti inayomwokoa au kumwangusha mgonjwa mmoja haipo sana kwenye nguvu hiyo. Ipo kwenye maisha yake: analala saa ngapi, anaendesha nini, anakunywa nini, ana ugonjwa gani mwingine, na famasi iko umbali gani.

Bei pia naipitia haraka tu. Kwa kawaida amitriptilini ndiyo nafuu kuliko hizi tatu, na huipati mjini tu, hata vituo vidogo huwa nayo. Sertralini ndiyo inayosumbua zaidi kupatikana ukitoka mjini. Uliza kabla hujaanza, kwa sababu kuanza dawa utakayoikosa mwezi ujao ni mateso juu ya mateso.

Milango yenyewe

Serotonini ni kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Vittorio Erspamer wa Italia aliikuta utumboni miaka ya 1930. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page wakaitenga kutoka kwenye damu huko Cleveland, Marekani, na mwaka 1953 Betty Twarog na Page wakaikuta ubongoni. Anza na huo utumbo, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni. Ndiyo maana kidonge cha huzuni huanza kwa kukuchafua tumbo. Ile ya ubongoni hutengenezwa hukohuko, na seli zilizokaa kwenye shina la ubongo, zenye matawi yanayofika karibu kila kona ya kichwa.

Seli ikiachia serotonini, nayo huvuka upenyo mwembamba na kupiga hodi kwa seli ya upande wa pili. Mlango wenyewe huitwa kipokezi, nayo ni protini iliyokaa kwenye ngozi ya seli. Wataalamu wamevipanga vipokezi vya serotonini katika familia 7, kuanzia 5-HT1 hadi 5-HT7, na ndani yake kuna aina 14 hivi. Hiyo 5-HT ni kifupi cha jina la kikemia la serotonini. Mgeni ni yuleyule mmoja, lakini yatakayotokea nyumbani hutegemea ameingia mlango upi.

Mlango wa 5-HT1A upo sehemu mbili, na jambo hilo lina uzito. Kwenye seli zinazopokea, unasaidia kutuliza wasiwasi. Kwenye seli inayotuma yenyewe, unafanya kazi ya breki: serotonini ikizidi nje, breki inakamatwa na seli inapunguza kutuma. Milango ya 5-HT1B na 5-HT1D iko kwenye mishipa ya damu na neva za kichwa, na sumatriptani, dawa ya kipandauso, hupigia hodi hapo. Mlango wa 5-HT2A ndio LSD inaoufungua mtu akaona visivyokuwepo, na ndio risperidoni na olanzapini, dawa za magonjwa ya akili yenye sauti na maono, zinaoufunga. Wa 5-HT2C unahusika na hamu ya kula. Wa 5-HT2B upo kwenye vali za moyo, na fenfluramini, dawa ya kupunguza unene iliyoufungua, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 baada ya vali za watu kuharibika.

Halafu kuna 5-HT3. Huu haufanani na ndugu zake. Wengine wote hupeleka habari ndani ya seli hatua kwa hatua, lakini huu ni tundu linalofunguka papo hapo na kupitisha chembe zenye chaji ya umeme. Upo tumboni na kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ondansetroni anayopewa mgonjwa wa saratani anayetapika baada ya tiba huufunga mlango huo.

Serotonini ikishamaliza kazi, pampu huirudisha kwenye seli iliyoituma. Dawa zetu zote tatu huziba pampu hiyo, kwa hiyo mgeni hukaa nje muda mrefu akipiga hodi kila mlango. Pampu huzibwa siku ileile ya kidonge cha kwanza. Kwa nini basi nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6? Maelezo ambayo wengi huyategemea ni ile breki ya 5-HT1A: serotonini ikiongezeka, kwanza seli inajifunga breki, na inachukua wiki kadhaa breki kulegea. Wakati huohuo 5-HT3 ya tumboni haina breki ya namna hiyo, kwa hiyo kichefuchefu huja mapema na nafuu huja baadaye. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo huacha dawa siku ya 5 akiamini imemkataa. Nimewaona wengi wakiacha hivyo, na huniuma.

Neno moja kuhusu "upungufu wa serotonini". Utaambiwa sonona ni kupungukiwa serotonini, kama vile mtu anavyopungukiwa damu. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi, na hawakukuta ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini kuwa chini. Hilo halimaanishi dawa hazifanyi kazi, kama ambavyo panado hutuliza kichwa bila kichwa kuwa kimepungukiwa panado. Lakini usijione mwili wako ni pipa lililovuja.

Milango ya kila dawa

Amitriptilini ni mkongwe, iliruhusiwa Marekani mwaka 1961. Inaziba pampu ya serotonini na ya noradrenalini, kemikali nyingine inayopeleka ujumbe kati ya neva, kisha inafunga milango mingi isiyoitwa: 5-HT2A, mlango wa histamini unaotupa uchangamfu, mlango wa asetilikolini unaolowesha mdomo na kusukuma choo na mkojo, na mlango unaoshikilia presha mtu anaposimama. Kwa hiyo ni dawa moja yenye kazi nyingi, nzuri na mbaya. Maumivu ya neva na kuzuia kipandauso ni kazi zake nzuri, na hapo dozi huwa ndogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, chini ya ile ya sonona.

Fluoksetini iliruhusiwa Marekani Desemba 1987. Yenyewe hulenga pampu ya serotonini na kuacha milango mingi ya jirani. Sifa yake kubwa ni kukaa mwilini. Inapovunjwa hutoa kitu kingine chenye nguvu kama yenyewe, nacho hudumu damuni wiki kadhaa. Sifa hiyo itarudi mbele, kwa faida na kwa hasara.

Sertralini iliruhusiwa huko mwaka 1991, nayo inalenga pampu ileile. Inatoka mwilini haraka zaidi, nusu yake huondoka kwa siku moja hivi.

Usingizi na kazi

Amitriptilini inalaza. Mtu asiyepata usingizi huiona neema, na humezwa jioni, saa moja au mbili kabla ya kulala. Kwa dereva wa lori anayeshuka Kitonga alfajiri, au bodaboda wa Mlima Nyoka, uzito wa asubuhi ni hatari ya kweli. Vivyo hivyo mama wa chai Mufindi anayeamka saa 10 usiku: akimeza saa 4 usiku, atakuwa shambani kichwa bado kimelala. Mzee naye anaweza kusimama ghafla, presha ikashuka, akaanguka akienda chooni nje gizani.

Fluoksetini hufanya kinyume. Humezwa asubuhi kwa sababu inaweza kumfanya mtu awe macho, na wiki za mwanzo kumtia mhaho. Aliyelala mno, anayeshindwa kutoka kitandani hata jua likishafika juu ya mlima Loleza, mara nyingi huipenda. Mwenye wasiwasi mkali anaweza kuhisi siku za kwanza wasiwasi umepanda, na daktari huweza kuanza na dozi ndogo.

Sertralini ipo katikati. Wengine huwachangamsha, wengine huwalegeza, kwa hiyo saa ya kumeza hurekebishwa kulingana na mwili wenyewe.

Tumbo, uzito, tendo la ndoa

Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huongeza uzito. Kinywa kikavu si jambo dogo, huozesha meno. Kunywa maji mara kwa mara, ukitafuna kitu tafuna kisicho na sukari. Kwa aliyekonda kwa sonona, uzito unaweza kuwa baraka. Kwa mwenye kisukari ni jambo la kufuatiliwa.

Fluoksetini huleta kichefuchefu, na mwanzoni hupunguza hamu ya kula. Sertralini ndiyo inayoharisha zaidi kati ya hizi tatu. Kumeza pamoja na chakula husaidia, na kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki 1 au 2.

Sasa lile ambalo watu huninong'oneza baada ya kuangalia nyuma kama kuna mtu. Zote tatu zinaweza kuvuruga tendo la ndoa, na fluoksetini na sertralini ndizo zinazolalamikiwa zaidi: hamu kupungua, kuchelewa kufika kileleni au kutofika kabisa. Inadhaniwa serotonini inayozidi kugonga milango ya familia ya 5-HT2 ndiyo inayochangia. Wanaume huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii, kisha sonona inarudi na nyumbani hakuna anayejua kwa nini. Mwambie daktari. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Si aibu, ni madhara ya dawa kama kuharisha kulivyo madhara.

Moyo na hatari ya kuzidisha

Hapa tofauti ni kubwa na sitaificha. Amitriptilini ikizidishwa huvuruga umeme wa moyo na inaweza kuua. Fluoksetini na sertralini zikizidishwa peke yake ni salama zaidi kwa kulinganisha, ingawa hakuna ya kuchezea. Kwa hiyo palipo na mawazo ya kujiua, waandikaji wengi huepuka kumkabidhi mtu pakiti kubwa ya amitriptilini. Kama ni lazima itumike, tunatoa ya wiki moja, na ndugu anaitunza. Dada, kaka, kama wewe ndiye ndugu huyo, shika kazi hiyo bila kuona haya, na watoto wasifikie boksi hilo.

Amitriptilini pia haimfai aliyetoka kupata shambulio la moyo, mwenye presha ya jicho ya aina fulani, wala mzee anayesimama chooni muda mrefu kwa sababu ya tezi dume. Fluoksetini na sertralini zina mzigo wao: zinaweza kuongeza kutokwa damu, hasa ukimeza pamoja na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, dawa ambazo watu wetu wa mashambani humeza kwa mgongo bila kuhesabu. Kwa wazee zinaweza pia kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa.

Kwa vijana chini ya miaka 25, dawa zozote za sonona zinaweza kuongeza mawazo ya kujidhuru katika wiki za mwanzo. Mtoto wako wa kidato cha nne akianzishiwa, kaa naye karibu. Kwa umri huo fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, amitriptilini haishauriwi kutibu sonona yao.

Dawa nyingine, na ulanzi

Hiki ndicho kigezo ninachotaka usikiruke, kwa sababu huku kwetu mtu mmoja huwa na maradhi matatu.

Malaria. Ukishuka Kyela na kurudi na homa, utapewa dawa mseto. Lumefantrini iliyomo ndani yake inaweza kupandisha amitriptilini damuni, na zote mbili zinaangaliwa kwa habari ya mapigo ya moyo. Usiache kutibu malaria, mwambie tu anayekuandikia kwamba upo kwenye amitriptilini.

Kifafa. Kwenye maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbozi, minyoo ya tegu inayoingia ubongoni ni chanzo kinachojulikana cha kifafa. Amitriptilini hushusha kizuizi cha degedege, kwa hiyo mwenye kifafa kwa kawaida hufikiriwa moja ya zile mbili kwanza. Na kabamazepini anayotumia kwa kifafa inaweza kupunguza nguvu ya dawa ya sonona.

Kifua kikuu. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini na inaweza kuzila hizi dawa kabla hazijafanya kazi. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ni suala zito zaidi: huzuia kuvunjwa kwa serotonini, na ikikutana na mojawapo ya hizi tatu serotonini inaweza kufurika. Hapo kasoro ya fluoksetini inaonekana, maana hata ukiiacha leo, inabaki mwilini wiki 5 hivi.

VVU. Njombe, Iringa na Mbeya zinajulikana kwa maambukizi kuwa juu, na sonona huambatana nayo. Mwenye kutumia dolutegravia kwa kawaida hupatana na fluoksetini au sertralini bila shida kubwa. Aliye kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonavia ajue kwamba ritonavia inaweza kupandisha amitriptilini.

Tramado. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Inauzwa kiholela, wabeba mizigo na vijana wa bodaboda huimeza kwa uchovu. Tramado nayo huongeza serotonini. Ikiungana na fluoksetini, sertralini au hata amitriptilini, milango inagongwa yote kwa mpigo: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaharisha, misuli inakakamaa, moyo unakimbia, homa inapanda, anachanganyikiwa. Hali hiyo ni ya kukimbizwa hospitali, na dawa zote ziende naye mkononi.

Pombe. Msimu wa ulanzi Iringa unafahamika, na komoni haina msimu. Pamoja na amitriptilini, pombe huzidisha usingizi hadi mtu akaanguka njiani kwenye baridi. Kwa fluoksetini na sertralini kuzidishana usingizi huko ni kudogo, lakini pombe yenyewe hulisha sonona. Mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, hakimu wako si yeye.

Mimba, kunyonyesha, na barabara ikikatika

Kwa mama anayenyonyesha, sertralini hupendwa zaidi kwa sababu kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Fluoksetini huingia zaidi na hukaa. Amitriptilini huingia kidogo, na ikiwa mama ameizoea huweza kuendelea nayo, mtoto akiangaliwa asilale kupita kiasi. Ukishika mimba ukiwa kwenye dawa usiache kwa hofu usiku huohuo. Sonona iliyoachwa wazi nayo humdhuru mama na mtoto. Nenda kliniki mzungumze.

Kwa dozi kukatika, fikiria Makete au Ludewa wakati wa masika, gari imezama kwenye tope na famasi iko Njombe. Fluoksetini inakusamehe: ukikosa siku 3, mwili bado una akiba. Sertralini haisamehi hivyo. Siku 2 au 3 tu wengine hupata kizunguzungu, hasira na hisia kama shoti ya umeme kichwani. Amitriptilini ikikatwa ghafla huleta jasho, kichefuchefu na usiku wa ndoto mbaya. Hakuna kati ya hizi inayoachwa kwa siku moja, hupunguzwa taratibu.

Nitaje na mitazapini kwa ufupi, kwa kuwa wanaotibiwa hospitali kubwa huulizia. Hiyo haizibi pampu kabisa. Inafunga milango ya 5-HT2A, 5-HT2C na 5-HT3, pamoja na wa histamini, kwa hiyo huleta usingizi na hamu ya kula, huku kichefuchefu na shida za tendo la ndoa vikiwa vichache. Kwa aliyekonda na asiyelala ni mazungumzo mazuri na daktari.

Nani aulizie ipi

Kama una sonona pamoja na maumivu ya neva au kipandauso, hulali, na moyo wako umepimwa uko salama, anza mazungumzo na amitriptilini. Hata kama mfuko ni mwepesi na zahanati ya kwenu ina hiyo tu, bado ni dawa ya maana, ilimradi kuna ndugu wa kuitunza.

Kama unaendesha chombo, au una historia ya kujidhuru, au unaishi mbali na hujui lini utafika tena mjini, fluoksetini ina sababu nyingi upande wake. Kwa kijana pia. Lakini ikiwa una tiba ya kifua kikuu sugu, au orodha ndefu ya dawa nyingine, ule ukaaji wake mwilini unageuka kuwa mzigo.

Kama unanyonyesha, au wasiwasi na hofu za ghafla ndivyo vinavyokutesa zaidi, au umewahi kuugua moyo, ulizia sertralini. Hakikisha tu kwamba utaipata mwezi ujao na unaofuata.

Kama uliwahi kuwa na kipindi cha furaha isiyo ya kawaida, huhitaji usingizi, unatumia hela ovyo, unaongea bila kupumua, liseme hilo kabla ya dawa yoyote. Kati ya hizi tatu hakuna ya kuanza nayo peke yake mpaka litazamwe.

Na kama sonona yako ni nyepesi, ulizia ushauri nasaha kwanza. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuzungumza nao kwa utaratibu, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha wanapata nafuu. Wenye sonona nzito mara nyingi huhitaji vyote viwili.

Kama leo hii unawaza kujiua, acha ulinganisho huu. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa, aongozane nawe hadi idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na asikuache peke yako.

Yule mama wa Tukuyu, nilimpigia simu daktari wake wa pili mbele yake, nikamsomea vyeti vyote. Wakakubaliana apimwe umeme wa moyo kwanza. Kipimo kilipotoka kizuri, wakachagua amitriptilini peke yake, dozi ndogo ya kupandishwa polepole, kwa sababu ya ile miguu, na sukari yake ifuatiliwe. Cheti cha fluoksetini kikafutwa. Binti yake akawa mtunza boksi.

Alirudi Septemba, chupa ya maji kwapani.

"Mugonile, mama."

"Nalala, mwanangu. Mdomo mkavu kama majivu, lakini nalala hadi jogoo."